Swali la Kumi na Nne

Siku hizi wifi yangu analala. Najua hiyo si habari ya kutangaza, lakini aliyeishi na mwanamke yule mwaka uliopita atanielewa. Analala, anakula mpaka anamaliza sahani, na juzi alinitania kwamba nimenenepa. Nilifurahi mno. Wifi yako akipata nafasi ya kukichunguza kiuno chako, ujue mambo yake yamekaa sawa.

Ni mke wa kaka yangu, muuguzi kwa kazi, na amekula chumvi ya kutosha. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipotangaza mezani kwamba anarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Kaka alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Hospitali ilimpa likizo ya masomo ya miaka miwili, isiyoongezwa hata siku moja. Akirudi na shahada angepewa kazi ya kuwafundisha wauguzi wapya, kazi aliyoitamani tangu ujana wake. Akirudi mikono mitupu, ingekwenda kwa mwingine.

Mimi nina duka la kuchapa na fotokopi mkabala na lango la hospitali. Nina mashine mbili, kompyuta moja, na printa moja yenye kiburi. Hospitali nzima inapita kwangu, kuanzia anayeomba uhamisho hadi anayetaka nakala ya cheti cha ndoa aliyoichoka. Nasoma miandiko ya madaktari vizuri kuliko wanavyoisoma wenyewe. Watu hunisifu kwa hilo, na mimi sina kawaida ya kuzikataa sifa. Kumbe kipaji hichohicho ndicho kingekuja kumtia wifi yangu matatani.

Utafiti wake ulihusu watu wanaouguza wagonjwa nyumbani: mke anayemgeuza mumewe aliyepooza, binti anayemlisha mama yake kwa kijiko. Alitaka kupima wanavyochoka. Nilimuuliza kama uchovu nao unapimwa. Akaniambia unapimwa, tena kwa karatasi. Unamuuliza mtu maswali ambayo yamekwisha kujaribiwa kwa watu wengi, kila jibu lina alama zake, halafu unajumlisha. Karatasi hiyo inaitwa dodoso. Kulitunga na kulijaribu ni kazi ya miaka, kwa hiyo mwanafunzi mwenye akili timamu hutafuta lililokwisha kutengenezwa akaomba kulitumia.

Na lilikuwapo wodini kwake, limetumika miaka tisa. Karatasi moja safi, maswali kumi na manne, nimelitoa nakala mwenyewe mamia kwa mamia. Nani angefikiri si la hospitali? Wifi aliomba kibali kwa wakubwa wa hospitali, akapewa chenye muhuri. Kamati ya maadili ya chuo ikamruhusu kuanza. Akazunguka nyumba kwa nyumba kwa miezi minne, viatu vikaisha visigino, akawauliza watu tisini na sita.

Aliporudi na majibu, msimamizi wake wa chuoni, mwalimu mpole asiyeruka hata koma, alimuuliza dodoso lile ni la nani. Wifi akajibu ni la wodi. Mwalimu akamwambia wodi haitungi maswali, anayetunga ni mtu, na mtu huyo lazima apatikane na aandike kwamba ameruhusu. Bila barua hiyo kazi ile haitapokelewa. Angelazimika kutafuta dodoso jingine na kuanza upya, na likizo ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Wifi alitoka pale akaja moja kwa moja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba wake mapajani, akangoja nizime mashine ndipo akanieleza.

Akaanza kumsaka mwenye dodoso. Alisoma utafiti mmoja baada ya mwingine. Katika mmoja alikuta maswali mawili yanayofanana na ya kwake neno kwa neno, na mwandishi akasema ameyapata kwa fulani. Huyo fulani naye aliyapata kwa mwingine. Wifi akawaandikia wote baruapepe kwenye kompyuta yangu. Mmoja anwani yake ilikuwa imekufa, mwingine hakujibu, na wa tatu alijibu kwa furaha kwamba yeye pia amemtafuta mtunzi huyo kwa muda mrefu, wifi akimpata amjulishe. Nilicheka. Wifi hakucheka. Alikuwa amekonda, na kaka aliniambia kwamba nyumbani anaongea na sufuria.

Wiki ya tatu mkutubi wa chuo alimpigia simu. Katika stoo ya maktaba alikuwa ameikuta tasnifu ya zamani, na nyuma yake kimeambatishwa kielelezo cha dodoso zima. Wifi alikwenda akaupiga picha ukurasa ule, akaja mbio dukani na kunipa simu. "Soma, wifi. Kumbe lina mwenyewe."

Maswali yalikuwa yaleyale. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mtunzi, chuo chake na anwani, pamoja na maneno haya: lisitumike wala kubadilishwa bila idhini ya maandishi. Mstari ule niliwahi kuuona.

Miaka tisa nyuma, muuguzi mkuu wa wodi, ambaye sasa amestaafu na kuhamia mbali, aliniletea karatasi iliyofifia akaniomba niichape upya. Nikaichapa vizuri. Ule mstari wa chini ulikuwa umefutika nusu, na ukurasa ulikuwa umejaa, nikauacha nje. Nilidhani ni jina la kiwanda cha karatasi. Lakini juu yake palikuwa na swali moja limeandikwa kwa kalamu. Hilo sikuliacha. Nililichapa na mengine, nikalipa namba kumi na nne, nikajiona mtu makini sana.

Wifi alikuwa ameshaanza kuhesabu. Kwenye simu maswali yalikuwa kumi na matatu. Akaniuliza la kumi na nne liko wapi. Ningeweza kujitia hamnazo, na sitasema uongo, nilifikiria. Wateja wawili walikuwa wamesimama, mashine inanguruma. Nikamwaga yote palepale, mbele ya wateja.

Hakunifokea, na heri angefoka. Alisema tu, "Wifi, swali hilo ndilo lililobeba kazi yangu yote."

Swali lenyewe lilikuwa hili: Je, yupo mtu unayeweza kumwambia umechoka, asikuone mbaya? Kati ya watu tisini na sita, themanini na mmoja walijibu hapana. Wapo waliokuwa wamejibu yale ya juu bila wasiwasi, ya usingizi na maumivu ya mgongo, wakafika hapo wakaomba lirudiwe. Sura nzima ya tasnifu ya wifi ilitokana na majibu hayo. Niliona haya, haya ya kweli, siyo ile ya kuomba radhi huku unatafuta wa kumlaumu.

Siku hiyohiyo tuliandika barua kwa mtunzi. Mimi nilishauri tuombe ruhusa ya yale kumi na matatu, hilo jingine tulimeze kimya. Wifi alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaoficha vidonge chini ya ulimi. Akatamka kwa sauti na mimi nikachapa: dodoso lako limetumika kwetu miaka tisa bila wewe kujua, mstari wenye jina lako uliachwa na mchapaji, swali moja liliongezwa na hatujui nani, watu tisini na sita wamekwisha kujibu. Niliichapa aibu yangu kwa vidole vyangu mwenyewe, na neno mchapaji nikalikosea mara mbili.

Karani wa chuo kile alijibu kwamba mtunzi amestaafu, ila watampelekea. Tukangoja siku kumi na saba. Kila asubuhi nilifungua baruapepe kabla sijafungua dirisha.

Jibu lilikuja nikiwa nabadilisha wino, mikono yote myeusi. Nikampigia wifi kwa kiwiko, kama inavyowezekana, naye akafika na kandambili za nyumbani. Alilisoma amesimama. Mtunzi alisema amefurahi kusikia kazi yake bado ina uhai. Alitoa ruhusa kwa maswali yake yote kumi na matatu, pamoja na majibu yaliyokwisha kukusanywa, mradi jina lake lirudishwe mahali pake na atumiwe nakala ya matokeo. Mwishoni aliandika, "Swali la kumi na nne ni zuri, na si langu. Siwezi kukuruhusu utumie kitu kisicho changu. Mtafute mwenye nalo."

Wifi alicheka, akalia, akanikumbatia na wino wangu wote. Blauzi yake haijatakata mpaka leo, wala hakunidai nyingine. Nikakaa sakafuni katikati ya mabaki ya karatasi. Majibu ya watu tisini na sita yalikuwa yamepona.

Ilibaki ile sura moja. Msimamizi alikubali swali la kumi na nne lielezwe peke yake, kama kazi ya mtu mwingine, ila mtu huyo aridhie kwa maandishi. Asipopatikana, sura itolewe. Wifi angefaulu hata hivyo, alisema mwalimu, labda kwa shida. Lakini wifi hakutaka kuwanyamazisha wale themanini na mmoja.

Sasa, mimi nina tabia ambayo kaka huiita ugonjwa: situpi karatasi. Nilishusha maboksi yote ya juu ya kabati, nikapekua siku mbili, na katika boksi la tatu nikaikuta ile karatasi ya kwanza, imegeuka rangi ya chai. Wifi aliutazama mwandiko wa kalamu kwa muda. Herufi zilikuwa na mikia mirefu iliyoingia mstari wa chini. Akasema, "Huyu namjua. Nimetia saini chini ya mwandiko huu kila asubuhi."

Ulikuwa mwandiko wa daftari la shuka. Mwenye daftari ni mhudumu wa wodi, tunamwita Mama Shuka, mama mnene wa maneno machache anayetoa shuka safi na kupokea chafu. Tulimfuata kesho yake mchana, katika chumba chake chenye rafu hadi darini na harufu ya sabuni na pasi. Alikuwa anakunja. Wifi akaiweka karatasi juu ya rundo la foronya, na mikono ya Mama Shuka ikasimama.

"Sista, nilijua siku moja nitaulizwa," alisema. "Sikukusudia kuharibu karatasi ya hospitali."

Akaeleza bila kutazama juu. Wakati ule waliokuja na wagonjwa na hawajui kusoma walikuwa wanaletwa kwake awasomee maswali na kuwawekea alama. Walikuwa wanajibu yote vizuri, halafu karatasi ikiisha wanamshika mkono na kuanza kusema yale ambayo hayakuulizwa. Basi siku moja akaliandika swali hilo chini ili muuguzi mkuu alione. Hakuambiwa kitu, kazi ya kuwasomea ikahamishiwa kwa wengine, akadhani limetupwa. Kisha akauliza kama jambo hili litafika kwenye mafao yake, maana alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu.

Wifi akakaa juu ya furushi la mablanketi, nesi mwenye cheo na kila kitu, akamweleza pole pole. Kwamba hakuna kosa. Kwamba swali lake limeulizwa kwa miaka tisa. Kwamba tumekuja kuomba ruhusa.

"Ruhusa yangu mimi?"

"Yako, Mama. Ukikataa, naliondoa."

Mama Shuka alinigeukia mimi, kama anayetaka nithibitishe kwamba hachezewi. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwambia ni kweli, na mimi ndiye niliyelichapa. Halafu akauliza watu walijibu nini. Wifi akamwambia: themanini na mmoja kati ya tisini na sita walisema hawana mtu.

"Wengi," alisema. Akalainisha foronya iliyokuwa tayari imenyooka. "Haya, nimewaruhusu. Lakini muandike na hili. Ukishamuuliza mtu swali hilo, usinyanyuke ukaondoka. Ukae naye kidogo."

Wifi alikuwa amekuja na barua ya ridhaa niliyoichapa asubuhi. Akaiongezea sharti hilo kwa kalamu, na limo kwenye tasnifu yake mpaka leo, ukurasa wa maelekezo, neno kwa neno. Mama Shuka aliisoma barua yote kwa kidole, mstari baada ya mstari, akairudia tena toka juu. Kengele ya chakula cha wagonjwa ililia, mtu akagonga kutaka shuka, akaambiwa angoje.

Kisha akaomba kalamu, akafuta mkono kwenye aproni, na akaandika majina yake matatu, bila kuharakisha, mikia ikishuka hadi mstari wa chini. Nilisimama nyuma ya bega lake nikiyasoma. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijui hata moja.