Kigingi cha Mwisho

Nilikuwa darasa la saba pale Gendabi wakati shamba la ngano la serikali lilipopanuliwa hadi karibu na kwetu. Wapima ardhi walikuwa wakishusha safu ya vigingi kutoka upande wa mlima; safu nyingine ilishapita kutoka barabarani. Zitakapovukana, hapo ndipo pembe ya shamba, na kila kilicho ndani kinalimwa ngano. Siku moja alasiri msaidizi wao alikadiria kwa jicho kutoka kigingi cha mwisho cha mlimani, akaja kuchomeka kigingi cha pembe katikati ya jiko la mama.

"Kesho tutahakikisha," akasema, kana kwamba ametuachia zawadi. Mama hakupika siku ile.

Mwalimu wetu wa hisabati, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alikuwa ametukaririsha kwamba mistari miwili iliyonyooka huvukana mahali pamoja tu. Niliona ni maneno ya mtihani. Asubuhi, kwa hasira tu, nilikwenda kusimama nyuma ya vigingi vya mlimani, nikafumba jicho moja. Cha kwanza kilivificha vyote isipokuwa cha mwisho, ambacho kilikuwa kimesogea hatua mbili upande wetu. Hatua mbili pale juu zilitosha kuupeleka mstari hadi jikoni. Nilipokifikia, kando yake kulikuwa na kinyesi cha ndama.

Nilielewa mara moja. Jirani yetu, mama wa kifugaji, alikuwa na ndama mkorofi, na kwake kigingi kilikuwa cha kufungia mifugo. Ndama alikuwa ameking'oa, naye jirani akakichomeka tena palipomfaa. Lakini kuhamisha alama ya serikali ilikuwa kesi. Nisingeweza kumtaja: ng'ombe wetu walipokauka maziwa, yeye ndiye aliyetugawia ya kwake.

Mpima mkuu alipofika, nilimwendea. Mtoto wa kike kumkosoa mtu mzima, kwetu ni utovu wa adabu kabisa.

"Shikamoo, mzee. Kigingi cha mwisho hakiko kwenye mstari."

"Marahaba. Nani kakuambia?"

"Nimeangalia mwenyewe, mzee."

Alikwenda nyuma ya vigingi, akafumba jicho lake. Kisha akafoka, "Nani amekisogeza?"

Nikaangalia chini. Ndipo jirani alipotoka kwake akimvuta ndama kwa kamba.

"Ni huyu. Mimi ndiye niliyemfunga. Kama ni kesi, tupelekeni wote wawili."

Mpima alimtazama ndama, akacheka mpaka akavua kofia. Walipopima upya, mistari ilivukana kwenye maharage yetu, nyuma ya zizi. Maharage yakaenda, lakini nyumba yetu na boma la jirani vikabaki nje. Nilikaa chini nikalia kwa nafuu niliyoipata.

Mama aling'oa kigingi cha jikoni, akakipasua, akakitia motoni chini ya chungu. Mchana jirani aliitwa kula. Alikuja na ndama wake, akawa anaangaza macho kutafuta pa kumfunga. Mama akamwonyesha nguzo ya mlango wetu.

"Mfunge hapa. Hii haing'oki."