Chai Nzito ya Mama

Watu wakiniuliza kazi yangu, huwaambia ninatengeneza mtindi na sosi. Huo ni ukweli nusu. Katika karakana yetu ndogo pale Mosocho, anayechemsha maziwa ni mwingine na anayesaga pilipili ni mwingine. Mimi kazi yangu ni uzito. Ndimi ninayeamua sosi itoke chupani kwa mwendo gani, itulie juu ya chipsi au iteremke ichafue sahani, na mtindi ukae siku ngapi bila kuacha maji juu. Usione vyaelea, vimeundwa. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alipoelezwa haya alinitazama kwa huruma.

"Kwa hivyo ulikaa chuoni miaka minne," akasema, "ili ujue kukoroga uji?"

Nilicheka, lakini lilinichoma. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa habari ya kazi yangu ziko karibu zaidi.

Mwaka jana mama alianguka shambani akichuma chai. Ilikuwa kiharusi. Hospitalini walimrudisha kwetu akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umelegea, mdomo umekwenda upande, na maneno yake yalitoka yakiwa yamekunjamana. Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitegemea. Viazi vilivyopondwa alimeza. Obokima, ule ugali wetu wa wimbi, ukilainishwa kwa mchuzi mzito ulipita vizuri. Kilichomshinda ni maji. Kijiko kimoja tu cha maji kilimfanya akohoe mpaka macho yakamtoka.

Nilishangaa, kwa maana ningeulizwa ningesema kinyume. Muuguzi mmoja, msichana mwenye subira kuliko mimi, alinifafanulia kwa kidole chake mwenyewe, akikiinamisha kama mlango unaofungwa polepole.

"Koo ya mama imekuwa slow kufunga," akasema. "Ugali inangoja. Maji haingoji, inaingia kwa mapafu. Kila kitu ya kunywa ikuwe nzito kama asali, ukiinua kijiko inadondoka pole pole. Mkirudi baada ya wiki mbili na bado anakohoa hivi, daktari ataweka mrija kwa pua."

Mama alisikia neno mrija akafumba macho. Tulipokuwa tukimsaidia kutoka, alinishika kwa mkono ule mzima na kuniambia kwamba yeye si ndama wa kunyweshwa kwa mpira. Alitaka chai yake, kwa kinywa chake. Aliichuma tangu alipoolewa na hakuona sababu ya kuiacha sasa.

Niliomba likizo ya wiki mbili nikaenda nyumbani, upande wa Nyamache, nikiwa na mizani ndogo, kipimajoto na majivuno mengi. Wote walikuwa na wasiwasi isipokuwa mimi. Dunia nzima ilikuwa imempa mama ugonjwa, na ugonjwa huo, kwa bahati ya ajabu, ulihitaji uzito.

Nilianza na konflawa, ule unga mweupe wa mahindi unaouzwa kila duka kwa kukorogea kastadi. Wanga ninaujua. Punje zake ukizitia katika maji baridi zinakaa tu, hazina habari nawe. Ukizichemsha zinakunywa maji na kuvimba, zinasongamana, na kinywaji kizima kinaanza kutembea polepole. Nilichemsha maziwa na majani, nikatia unga uliokorogwa kwanza kwa maji baridi, nikangoja utokote. Nikainua kijiko. Chai ilining'inia, ikafikiri, ikadondoka tone zito. Ilikuwa asali kamili. Nikamkabidhi shangazi kikombe, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlisha mama tangu siku ya kwanza na hakutaka kuachia kazi hiyo mtu yeyote, nami nikabaki jikoni kuosha sufuria.

Jiko letu liko mbali kidogo na nyumba, upande wa migomba. Haikupita muda nikasikia kikohozi. Nilikimbia. Mama alikuwa ameinama mbele, shangazi akimpiga mgongoni, na kikombe kilikuwa juu ya stuli. Nikainua kijiko. Chai ilichuruzika kama ya hoteli.

Nilidhani nimekosea kipimo. Jioni nikaongeza unga, na mama akakohoa vilevile. Asubuhi nikaongeza tena, kijiko kikawa kinasimama chenyewe ndani ya kikombe kikitoka jikoni, na bado mama alikohoa. Lakini kikombe kingine cha chai hiyohiyo, nilichokiacha juu ya rafu jikoni, kilikuwa kizito mchana, na jioni kilikuwa kigumu zaidi. Sufuria moja, unga mmoja, siku moja. Kati ya mlango wa jiko na kitanda cha mama kulikuwa na kitu kinachokula uzito wangu.

Nakiri kwamba nilianza kufurahia fumbo hilo, na nikaona aibu kufurahia, maana kila jaribio langu lilipita kwenye koo la mama. Nilinunua daftari. Nikaandika moto wa chai, sukari, maziwa, dakika. Nikalaumu sukari nikaitoa. Mama akalalamika na akakohoa. Nikajaribu unga wa muhogo, nikajaribu wa wimbi. Vyote vilitoka jikoni vizito na vikafika maji. Siku ya sita mama alikuwa na joto kidogo usiku, na kifua kilikuwa kikikoroma. Nikaacha kufurahia.

Siku ya saba nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Niliacha sufuria chafu, nikafuata kikombe.

Shangazi aliketi kando ya kitanda. Alichota chai akaitia kinywani mwake mwenyewe, akaimeza huku mama akimtazama, kisha akarudisha kijiko kilekile kikombeni na kukoroga mara tatu au nne. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayemnywesha mgonjwa huonja kwanza mbele ya macho yake, na huonja kwa kijiko hicho hicho, kwa sababu mwenye kuonja kwa kijiko kingine ana lake analoficha. Nimeliona tangu utotoni, ndiyo maana sikuliona. Halafu shangazi, ambaye ni Msabato wa kweli, akaweka kikombe chini akaomba. Alimwombea mama, akaombea madaktari, akaombea bei ya majani, akaombea binamu zangu walioko Nairobi mmoja mmoja, na mvua. Mama, ambaye ni Mkatoliki na dua zake ni fupi, alikuwa ameshafungua macho muda mrefu. "Amina" ilipofika, niliomba kikombe. Kilikuwa kimekuwa maji.

Mate! Nilitaka kujipiga kofi. Mtoto wa darasa la sita anajua kwamba ukitafuna ugali kwa muda mrefu unakuwa mtamu, kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachoukata wanga vipande vipande. Nyuzi za wanga zilizoshikana kama mikono zinaachana, na maji yaliyokuwa yamefungwa yanakuwa huru. Tone moja la mate katika chai vuguvugu, likikorogwa vizuri na kupewa muda wa dua, linatosha. Na kijiko cha mama mwenyewe, kikiingia na kutoka, kinamalizia. Kwa nini sikuwaza hilo? Kwa sababu karakanani kwetu anayerudisha sufuriani kijiko kilichotoka kinywani anafukuzwa siku hiyohiyo. Katika hesabu zangu zote za uzito, mate hayakuwahi kuwemo. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza vyakula vya watu kana kwamba watu hawana vinywa.

Kama ningekuwa na busara ningekaa na ugunduzi wangu mpaka kesho. Nilimgeukia shangazi palepale.

"Ni wewe," nikamwambia. "Ni mate yako yanayomkohoza. Usionje tena."

Shangazi alisimama, akafunga leso yake vizuri, akatoka nje. Nikapika chai nyingine, nikaileta mwenyewe, nzito, haijaguswa na mtu, nikapeleka kijiko mdomoni mwa mama. Mama alifunga midomo. Nikabembeleza. Akageuza uso ukutani. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wahenga hawakumjua mama yangu.

"Mwite," akasema.

"Mama, akionja inaharibika."

Alichukua muda mrefu kupanga maneno. "Nilipoletwa mji huu," akasema, "nilikuwa mgeni, na watu walisema mengi. Kila nilichopewa kunywa, yeye alikunywa kwanza. Wewe unapima nini?"

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu asubuhi, na hakutia. Nilitoka nikamkuta shangazi anapalilia mboga ambazo hazikuwa na magugu. Niliomba msamaha. Alisema hakuna neno, kwa sauti ya mtu ambaye kuna neno.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikiwa na hasira, lakini sikujua tena namkasirikia nani. Siku saba zilikuwa zimebaki kurudi hospitalini. Nikitafuta kuwageuza hawa wakongwe wawili, mrija ungewahi kabla yao. Basi nikajiuliza kwa namna nyingine: kama kijiko lazima kitoke kinywani kiingie kikombeni, ni uzito gani usioogopa mate?

Jibu lilikuwa katika kopo karakanani, nalitumia kila wiki. Linaitwa gamu ya zanthani, unga wa rangi ya maziwa ya unga, unaotengenezwa na bakteria wakilishwa sukari. Sisi huitia kwenye sosi ya pilipili ili mbegu zisizame. Si wanga. Mkasi wa mate yetu haukutengenezwa kuikata. Nilipanda pikipiki hadi barabarani, nikapata gari la Mosocho, na jioni ile nilirudi na vijiko vichache vya unga huo ndani ya chupa ya jemu. Nilimpigia pia yule muuguzi. Akasema baadhi ya unga wa hospitali wa wagonjwa kama hao ni huohuo, ila nipime kwa kijiko kila mara, na mama akae wima.

Mganga hajigangi. Mimi niliyefundisha vijana watatu kutumia gamu ile, nilimwaga kipimo chote kwa mara moja ndani ya chai, ikajikunja madonge yenye unga mkavu katikati. Nikamwaga. Mara ya pili nikaichanganya kwanza na sukari, chembe zikatengana, nikanyunyiza kidogokidogo huku nikikoroga. Chai ikabaki nyepesi. Nikaongeza. Nikasahau kwamba katika maziwa gamu huchelewa. Robo saa baadaye nilikuwa na mlenda ambao ungeweza kubandikia bahasha. Nikamwaga tena. Mara ya tatu nilipima, nikaweka chini, nikaikalia mikono yangu isije ikaongeza, nikangoja. Kisha nikalamba kijiko, nikakirudisha, nikakoroga, nikangoja nusu saa nzima. Tone lilining'inia palepale.

Kesho yake nilimpa shangazi kikombe kwa mikono miwili. "Onja, shangazi," nikasema. "Onja unavyotaka."

Alionja. Uso wake ulikunjamana, lakini alimeza, akarudisha kijiko, akakoroga kwa makusudi zaidi kuliko siku zote, akaomba. Naungama kwamba sikufumba macho. Alipofika kwa binamu wa Nairobi nilikuwa nimeinama nikichungulia kikombe kutoka ubavuni. Alipofika kwenye mvua niliinua kijiko, na chai ikaning'inia. Amina.

Mama hakufungua mdomo. Alikuwa akinitazama mimi.

"Na wewe," akasema.

Ndipo nilipogundua kwamba kwa siku nane nilikuwa nimeitazama chai ile, nimeipima, nimeiandika daftarini, na sikuwa nimeinywa hata funda moja. Nilichota. Ilikuwa mbaya. Ilitambaa ulimini, ikang'ang'ania, isitake kuondoka, na ladha ya majani ilifika nyuma yake kwa kuchelewa, kama imepotea njia. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya mbele ya mteja.

"Ni mbaya, mama," nikasema.

"Najua," akasema shangazi, kwa furaha isiyofichika.

Mama akafungua mdomo. Shangazi akatia kijiko. Tuliona koo likipanda, likasimama, likashuka. Tulingoja kikohozi sote watatu, na mama mwenyewe alikuwa anangoja, jicho moja limefumbwa. Hakikuja. Kijiko cha pili, hakikuja. Alikunywa kikombe kizima, kwa nusu saa, mpaka kijiko kikaanza kukwangua bati la kikombe, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Shangazi alisema ni maombi. Sikubishana naye.

Mama alijifuta mdomo kwa mkono ule mzima, akakirudisha kikombe kwangu, akaniangalia kama ananitathmini.

"Kesho," akasema, "utie tangawizi."