Mstari Alioruka Mwalimu Maganga

Mama Neema amenithibitishia kwa simu saa tatu asubuhi hii: kaka yake, Mwalimu Elia Maganga, amefariki nyumbani kwake Ipuli. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Nimeandika habari za misiba mingi. Hii nimeomba irudiwe mara mbili, na akili bado inaikataa.

Familia imenipa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa mazishini. Haikufika adhuhuri, mzee mmoja wa kanisa akanipigia. "Ndugu yangu, lile kosa lake la noti za muziki liache. Tusimwaibishe marehemu." Nilimwambia nitamjibu leo. Kwanza nawaeleza ninyi ni kosa gani.

Kwa wasiomfahamu: alistaafu ualimu wa hesabu, na kwa miaka mingi aliongoza bendi ya matarumbeta ya kanisa lake. Wengi wenu mmemsikia asubuhi ya Pasaka bila kujua jina lake.

Nilikutana naye mazoezini, Alhamisi moja, nikitafuta stori. Niliwakuta wapigaji wamekaa, vyombo mapajani, wanabishana kuhusu mtunzi mkubwa wa Kijerumani aliyekufa zamani sana. Wao walimwita Mzee tu. Swali lilikuwa: ni kazi zipi za Mzee zilizo dhaifu?

Mwalimu alikuwa anayashambulia maandamano fulani, muziki wa mwendo wa gwaride ambao Mzee aliutunga kwa sherehe ya wakubwa. "Kelele nyingi, wazo moja. Hapa alikuwa anaharakishwa."

"Mwalimu, wewe wa Ipuli unamsahihisha Mzee?" aliuliza Ester, mpiga tarumbeta ya kwanza.

"Namheshimu. Ndiyo maana simdanganyi."

Bendi ile ilikuwa na sheria moja: huruhusiwi kuiponda kazi wala kuisifu kabla hujaipiga mbele ya wenzako. Mimi, kwa kiherehere, nikasema maandamano yale ni mazuri tu. Wakanipa tarumbeta. Niliwahi kuipiga sekondari, lakini nilikwama mstari wa tatu.

"Mwana wa Gongoni," akasema Mwalimu, akinitaja kwa mtaa wangu, "gazetini unaruhusiwa kusema usichokijua. Hapa hapana."

Nilirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, miaka kumi na moja. Nilikuwa Mwislamu pekee katika mabishano yale. Mwezi wa Ramadhani walinisamehe kupiga, hawakunisamehe kubishana.

Kazi aliyoihukumu vikali kuliko zote ilikuwa wimbo mmoja wa polepole wa Mzee. Alisema katikati unaruka, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mimi na Ester tuliutetea, tukashindwa. "Tatizo lenu mnatetea jina," alituambia. Wimbo ukawekwa kabatini.

Mwaka jana paa la stoo ya kanisa liliezuliwa ili litengenezwe, vitu vikatolewa nje. Ndani ya sanduku moja Mwalimu akakiona kitabu cha noti kilichochapwa, kile alichokinakili kwa mkono akiwa kijana. Akalinganisha. Katika wimbo ule wa polepole, mistari miwili ilianza na noti zilezile, na jicho lake lilikuwa limeuruka mmoja. Karatasi zetu zote zilitokana na nakala ile. Wimbo haukuwa na kasoro katikati. Sisi ndio hatukuwahi kuipiga sehemu yake ya katikati.

Hakuna mwingine aliyejua. Na wiki hiyohiyo wazee wa kanisa walikuwa wanajadili kama umri umefika apumzishwe uongozi. Angekirudisha kitabu kwenye sanduku na kunyamaza, huenda wangemwacha.

Alhamisi alisimama mbele yetu na karatasi mbili mkononi.

"Mzee hana hatia. Aliyekosea ni mimi, na nimewafundisha kosa hilo miaka arobaini."

Ester akamwuliza, "Sasa tufanyeje, Mwalimu?"

"Tupige. Kisha mnihukumu."

Tukapiga. Tulipofika kwenye mstari uliorudishwa, mkono wake uliacha kuhesabu. Alikuwa anasikiliza.

Mwezi huohuo wazee wakampumzisha. Ester akapewa bendi. Mwalimu akahamia safu ya nyuma, kwenye baritoni ya pili, chombo cha sauti nzito, akawa anamwita Ester "kiongozi" bila kejeli. Kisha akanakili upya kila kazi iliyokuwa kabatini, akilinganisha kila ukurasa mara mbili.

Maandamano yale hakuyasamehe. "Hayo nimeyalinganisha. Ni dhaifu kweli."

Nimefanya kazi na wahariri wengi. Wengi wao masahihisho huyaweka ukurasa wa ndani, chini, kwa herufi ndogo. Mwalimu aliyasema kwa sauti, amesimama, wiki ambayo yangemgharimu zaidi.

Nimempigia yule mzee wa kanisa. Nimemwambia kosa litasomwa, na namna Mwalimu alivyolikiri itasomwa pia. Nikiliondoa, ninabaki na tarehe tu. Akauliza familia inasemaje. Mama Neema alikuwa ameshanijibu: "Kaka yangu hakuficha akiwa hai, nitamfichia mimi? Soma lote."

Mwalimu, najivunia kila Alhamisi uliyonishinda, na najivunia zaidi ile moja uliyokubali kushindwa. Lala, kaka. Kazi umeiacha safi.

Bendi inafanya mazoezi kesho saa kumi alasiri, chini ya Ester. Mazishi ni Jumamosi saa nane mchana, shambani kwa familia, Itetemia. Wasifu utasomwa kabla ya jeneza kushushwa.