Samaki wa Kwanza wa Kimia

Samaki wa kwanza niliyemvua kwa mkono wangu mwenyewe nilimla. Nalisema mapema, msije mkafika katikati mkaniuliza kwa nini baba yangu alikataa kutia kidole kwenye karatasi yangu. Nilikuwa na miaka kumi, njaa ilinibana, na samaki mwenyewe alikuwa ngege mdogo, upana wake kiganja changu cha wakati ule. Nilimchoma palepale ukingoni bila chumvi, nikamla mpaka kichwa. Niliporudi nyumbani baba alinitazama kidevuni, akabandua gamba moja kwa ukucha. Hakunipiga. Aliliweka lile gamba juu ya meza, akaenda zake kushona nyavu.

Kwetu Kindu, kwa watu wa mtoni, anayekufundisha kutupa kimia ana haki moja tu: samaki wa kwanza atakayeingia kwa mkono wako. Kimia njo ule wavu wa duara wenye vizito vya risasi ukingoni, unaotupwa kwa mkono ukiwa umesimama ndani ya mtumbwi. Yule samaki wa kwanza humli, humuuzi, humpi mama yako. Unampelekea aliyekufundisha akiwa mbichi, naye anamla peke yake, hata awe mdogo kama kidole. Akishamla, ndipo anaweza kusema mbele ya watu kwamba huyu ni mwanafunzi wangu. Asipomla, hakufundisha mtu. Na wa kwanza ni mmoja, huwezi kurudi kesho na mkubwa zaidi ukasema tusahau ya jana.

Nilijaribu hivyo hivyo, mimi tena! Mwezi uleule nilimletea baba kambale wa kubeba begani. Alishukuru, akasema ni kambale mzuri, akampeleka sokoni. Toka hapo, kila mtu alipomsifu kwamba binti yake anatupa kimia kuliko vijana, alikuwa na jibu moja: "Anajua, ndiyo. Lakini mimi sikufundisha muntu."

Jamani, iliniuma. Iliniuma kwa sababu alinifundisha, tena kwa taabu. Mungu alimpa wasichana wanne bila mvulana hata mmoja, na mimi nilikuwa kitinda mimba. Alinisimamisha mbele ya mtumbwi, yeye akasimama nyuma yangu akinishika kiuno, na wala hakutoa neno. Angelitoa vipi? Kimia kinatupwa kwa meno. Sehemu ya ukingo unaiuma, nyingine unaitundika kwenye kiwiko, nyingine iko mkononi, kisha mwili unageuka na meno ndiyo yanaachia mwisho. Mtu mwenye wavu mdomoni hasemi, na anayemfundisha naye hasemi, maana hawezi kujibiwa. Basi nilijifunza kwa mikono yake kiunoni, kushoto, kulia, na nikiachia meno mapema, ananifinya.

Nilipokuwa msichana mkubwa, miaka ile ya Zaire, mto wenyewe ulishabadilishwa jina na sisi sote tulishakuwa masitwayeni, yaani raia, idara moja ya serikali ikafungua mafunzo ya mamonitere wa uvuvi. Walitaka watu wa kupelekwa Kibombo, Punia na kwingine, wakawafundishe wakulima kutupa nyavu katika mabwawa na mito midogo. Miezi kumi ya kujifunza, halafu breve, cheti chenye muhuri. Niliposikia sikulala vizuri siku mbili. Nilikwenda kujiandikisha na kanga yangu nzuri, nikawakuta wanaume kumi na mmoja, na mwanamke ni mimi tu.

Mkuu wa kituo cha mafunzo alikuwa mtu mkavu wa abakosti iliyonyooshwa, lile koti la wakubwa lisilo na tai, mwenye adabu, anayependa karatasi ziwe sawa. Sifa yake ni moja: hakunicheka. Alinifungulia dosie, jalada lenye jina langu, akanionyesha mistari sita ya kujazwa. Wa sita ulitaka jina na alama ya kidole ya fundi wa mtoni aliyemfundisha mwombaji mara ya kwanza. Alieleza kwamba vijana wa mjini wangekuja kutafuta mshahara tu, hata kasia hawajui kulishika, kwa hiyo lazima fundi ashuhudie. Ningeweza kuanza masomo, lakini bila mstari wa sita hakuna breve.

Nilivuka mto hadi kwetu Alunguli na ile karatasi mkononi, mbio mbio, kama aliyeshinda tayari. Baba alikuwa anayeyusha risasi za kimia kipya. Nilimweleza yote. Alifuta mikono, akaitazama karatasi mbele na nyuma ingawa hakujua kusoma, akanirudishia.

"Mwenye kufundisha anakula samaki," akasema. "Mimi nilikula gamba?"

Hasira yangu, wanaonijua wanajua, iko puani. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii babaye, na mengine ambayo hata jirani humwambii. Yeye akaendelea na risasi zake. Siku iliyofuata mjomba wangu alisikia, akajitolea kutia kidole yeye. Mjomba huyo kimia alikijua kwa kukikalia tu. Nilifika mpaka mlangoni kwake na karatasi, nikageuka. Kidole cha mtu mwingine kikishakaa pale, baba atakuwa amesema kweli: hakufundisha mtu. Nikaacha mstari wa sita wazi, nikasema nitaona mbele.

Kituoni siku zilianza kwa bendera na animasyo. Tuliimba na kucheza kuisifu nchi na chama na mkubwa wake mpaka jasho litoke, ndipo tuguse nyavu. Sikuchukia. Kiuno kikishapata moto, kimia kinatoka vizuri, na hilo nadhani wenye kupanga animasyo hawakulifikiria. Kwa kutupa, niliwashinda wote kumi na mmoja. Kwa kufundisha nilikuwa wa mwisho, tena wa mwisho wa mbali. Tulipewa zamu ya kufundishana, na mimi kila nilipomwona mwenzangu anakosea nilitoa wavu mdomoni nimweleze, wavu ukaanguka miguuni, nikamkaripia yeye kwa kosa langu. Mwezi wa saba mkuu wa kituo alisoma maoni yake juu yetu mbele ya wote. Juu yangu aliandika kwamba anajua kutupa, lakini anafundisha kama anayegombania bei sokoni. Wenzangu walicheka wiki nzima, na mimi niligombana na kila aliyecheka, ikawa ushahidi juu ya ushahidi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa hivi. Kila mmoja anapewa kwa kura mtu wa mjini ambaye hajawahi kugusa kimia. Toka jua kuchomoza mpaka saa sita mchana, yule mtu atupe wavu ukafunguka duara kamili, mara tatu mfululizo. Wenzangu walipata mwoka mikate, polisi kijana, mpagazi wa stesheni, watu wenye mabega. Mimi kura ilinipa mama mwenye duka la vitenge, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mnene, mwenye kuogopa maji. Mkuu wa kituo alikuwa ameomba watu wa kujitolea kwa wenye maduka, na huyu mama alijitolea kwa namna hii: mume wake alimwandikisha bila kumwambia. Alikuja ukingoni na viatu vya kwendea kanisani.

Kumwingiza tu ndani ya mtumbwi kulitumalizia saa nzima. Tulibaki karibu na ukingo, maji ya magoti. Nikampa kimia, nikamwonyesha pa kuuma. Alinusa.

"Hapa muntu aliweka mudomo?"

Nikamwambia watu wengi waliweka, na hakuna aliyekufa. Akasema yeye hawezi. Nikasema ataweza. Akasema wavu unanuka. Nikamuuliza alitaka unukie nini, marashi? Maneno yakapanda, yangu yakiwa juu zaidi, mpaka yule mama akaketi, mtumbwi ukayumba, akasema anarudi dukani kwake, wateja wake wana adabu kuliko mimi. Kule chini polisi kijana alishafungua duara moja, nikasikia watu wakimpigia makofi. Mkuu wa kituo alisimama ukingoni na kalamu yake. Hakuandika kitu, na hilo lilinitisha zaidi.

Nilinyamaza. Mpaka leo siwezi kusema nini kilinifunga mdomo, labda woga. Nilifungua kitambaa changu cha kichwa, kilikuwa safi, nikachana kipande nikakifunga pale pa kuuma. Halafu niliuma mimi kwanza, mbele ya macho yake, nikatupa, nikavuta, nikatupa tena. Nikampa. Akatazama kile kitambaa, akanitazama mimi kichwa wazi, akauma. Nikasimama nyuma yake nikamshika kiuno, mikono yangu ikikutana kwa shida. Kushoto, kulia. Wavu ukaanguka kama gunia. Mara ya pili gunia. Mara ya nne, gunia.

Hapo nikakumbuka duka lake. Nilishawahi kuingia mara moja kutazama tu, maana kutazama hakuuzwi. Mteja akitaka kuona kitenge, huyu mama hakikunjui kwa vidole. Anashika pembe mbili, anageuza kiuno kidogo, na kitambaa chote kinaruka kinatandika meza bila kunyanzi hata moja. Nilimsogelea sikioni.

"Mama, mufungulie muteja kitenge."

Aligeuka kunitazama, akacheka na wavu katikati ya meno. Kisha akatupa. Kimia kiliruka kikafunguka chote, kikatua juu ya maji duara kamili, risasi zikilia kwa pamoja. Sikupiga kelele, ninaapa. Nilimfinya kiuno tu, kwa furaha. Alitupa tena, duara. Mkuu wa kituo akasogea mpaka maji yakagusa viatu vyake. Mara ya tatu duara tena, na tulipovuta, kamba ikatikisika.

Alikuwa ngege mdogo, wa kiganja. Yule mama alifurahi kupita kiasi. Alitaka ampeleke nyumbani amwonyeshe mumewe, amwambie andikisha tena. Ikabidi nimweleze desturi, kwamba samaki wa kwanza ni wa aliyekufundisha. Basi biashara ikamrudia damuni. Aliniuliza kama nitakubali nusu. Nikakataa. Mkia? Nikakataa. Akasema atanipa kitenge, nichague mwenyewe. Kitenge, jamani! Nilimeza mate, nikakataa. Basi akamshika yule samaki kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mkubwa wake, na mimi nilikuwa mdogo kuliko binti yake wa kwanza.

"Kula basi, mwalimu," akasema.

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nililia mbele ya watu wote, machozi ya wazi, na sikujali.

Mkuu wa kituo aliandika kwamba nimefaulu. Halafu akafungua dosie, akaweka kidole kwenye mstari wa sita. Alisema kwa upole kwamba kesho saa nne asubuhi anafunga madosie yote, na mstari wangu ukibaki wazi, nafasi ya Kibombo niliyopangiwa atapewa mwingine.

Nilivuka mto na samaki amefungwa kwenye jani. Sikuwa nimekula toka alfajiri, na njaa ilikuwa inanikata tumbo. Njiani nilipanga hotuba kubwa ya kumshinda baba. Nilipomkuta ameketi na wavu magotini, hotuba yote ikapotea. Nikagundua kwamba miaka yote ile nilimpa kambale, nilimpa hasira, nilimpa karatasi atie kidole, ila kitu kimoja sikuwahi kumpa.

"Baba, nilikosa," nikasema. "Yule wa kwanza alikuwa wako, na mimi nilimula. Huyu ni wangu, nimepewa leo na mwanafunzi wangu. Sikumuonja, hata nikikosa mwanafunzi. Nimekuletea."

Alifungua jani, akamgeuza samaki upande huu na huu. Aliniuliza mwanafunzi ni nani. Nikamweleza habari ya mama wa vitenge, na nilipofika kwenye viatu vya kanisani akacheka mpaka wavu ukamtoka magotini. Akauliza kama nilimshika kiuno. Nikasema nilimshika. Akauliza kama nilisema. Nikasema, wavu ukiwa mdomoni mwake, nilisema mara moja tu. Akatikisa kichwa kana kwamba hata hiyo moja ilizidi.

Kisha aliwasha moto mwenyewe, akamchoma, bila chumvi. Alimla mzima, peke yake, polepole, mpaka kichwa, kama desturi inavyotaka. Hakunipa hata mkia. Mimi niliketi pale nikimeza mate, tumbo linalia, na sidhani kama nimewahi kushiba hivyo maishani.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Nilivuka nikimtafuta, nikamkuta kituoni kabla ya bendera kupandishwa, amevaa shati lake la sikukuu, anamsubiri mkuu afungue ofisi. Dosie ilipowekwa mezani, mkuu alimuuliza, kwa adabu yake, kama ni yeye aliyemfundisha huyu sitwayeni. Baba alibonyeza kidole kwenye wino, akakigandamiza kwenye mstari wa sita mpaka wino ukatokea upande wa pili wa karatasi.

"Mimi njo nilimufundisha kutupa," akasema. "Kusema, hapana. Ile alijifunza yeye mwenyewe."