Nilisema Nimetembea Nayo Miezi Miwili

Admin, nifichie jina na usitaje ninapofanya kazi, maana wengi wa kundi letu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka arobaini na mbili, nina mke na watoto wawili, tunaishi Area D hapa Dodoma. Hili ninaloandika mke wangu amelijua juzi tu.

Mimi napenda magari ya porini. Nina gari kuukuu la kupanda milima, na niko kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye magari kama hilo. Tunatoka pamoja siku za mapumziko, tunapita makorongo na mawe, na gari la mtu likiharibika tunapeana ushauri ili ajitengenezee mwenyewe. Sijasomea ufundi hata siku moja. Nimejifunza kwa kufungua la kwangu na kulifunga. Lakini kwenye kundi wananiita Fundi Mkuu, na siwezi kusema uongo, jina hilo nililipenda.

Miezi kama miwili iliyopita, kijana mmoja wa Kondoa, nitamwita Shabani, alituma picha. Bomba la chuma linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma lilikuwa limeoza na kutoboka. Bomba la kubadilisha alikuwa hajalipata. Nilikuwa ofisini nakunywa chai, nikarekodi sauti: "Likunje kabla ya pale lilipotoboka, ulibane sana kwa praizi, ongeza mafuta, toa hewa, tembea. Wala usihangaike. Mimi nimetembea nayo hivyo miezi miwili."

Jamani, sikutembea nayo miezi miwili. Nilitembea nayo siku moja, kutoka porini mpaka nyumbani, gari tupu, mwendo wa pole, na kesho yake nikafunga bomba jipya. Hiyo miezi miwili niliiongeza ili nisikike mzoefu. Watu wakanisifu, nikamaliza chai yangu nikarudi kazini.

Wiki tano baadaye Shabani aliandika kwenye kundi tuwaombee. Mdogo wake, Idi, alikuwa anaendesha gari lile akiwa na mama yao na magunia ya mahindi. Wakati wa kushuka mlima breki zikakataa. Idi aliligongesha kwenye ukingo wa barabara ili wasiende bondeni, gari likalala ubavu. Mama amevunjika paja. Idi ameumia mkono.

Naona aibu kusema nilichofanya kwanza nilipousoma ujumbe huo. Sikuuliza hali ya mama. Nilitafuta ile sauti yangu niifute, simu ikaniambia muda umepita, naweza kuifuta kwangu tu. Nikaifuta kwangu, kana kwamba hiyo inasaidia kitu.

Kisha Shabani akanipigia. "Shikamoo kaka," alisema. "Naomba uje Kondoa uliangalie gari. Idi anasema alikanyaga breki ikazama mpaka chini, lakini mimi najua alikimbiza. Lile bomba nililibana kama ulivyotuelekeza, na wewe mwenyewe ulitembea nayo miezi miwili. Nimemfukuza nyumbani. Wazee wa ukoo wanataka kukaa naye kikao, nikasema tusubiri kwanza neno la mtu anayejua magari."

Nilishindwa kukataa. Jumamosi nilikwenda. Nililala chini ya gari, Shabani akiwa amechuchumaa pembeni, nikaona kila kitu. Pale bomba lilipokunjwa chuma kilikuwa kimepasuka, na mafuta yamechuruzika mpaka kwenye ekseli. Chombo cha mafuta ya breki kilikuwa kikavu. Nikatoka chini ya gari nikijifuta mikono na tambara.

"Umeona nini kaka?" Shabani aliuliza.

Nikasema, "Nipe muda, nikachunguze vizuri."

Uongo wa pili huo. Hakukuwa na kitu cha kuchunguza.

Akanipeleka hospitali nikamsalimie mama yake. Ni mama mtu mzima, mdogo wa mwili, mguu umewekewa uzito unaning'inia. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, akanishika mkono. "Umeacha kazi zako kuja kutusaidia, Mungu akulipe. Mwambie Shabani amsamehe mwenzake. Idi hakuwa anakimbia, mimi nilikuwa nimekaa mbele naye." Shabani akageuza uso, akasema mama anamtetea kitinda mimba wake. Mimi nikamuaga mama, nikatoka.

Nimerudi Dodoma silali. Mke wangu aliponibana nikamweleza yote. Alilia, kisha akasema, "Baba Neema, nyamaza. Wakikushtaki sisi tutakula wapi? Shabani ni mtu mzima, hakuna aliyemlazimisha." Asubuhi yake nikamsikia jikoni anaomba Mungu anisamehe. Naogopa polisi, naogopa kazi yangu, naogopa ndugu wa yule mama. Naogopa pia kwamba kwenye lile kundi wako wengine waliobana mabomba yao kwa maneno yangu na leo wanashuka milima na familia zao. Hata hao sijawaonya, maana nikiwaonya nitakuwa nimekiri.

Jana Idi mwenyewe ameniandikia. Sijui namba yangu kaipata wapi. Ameandika: "Shikamoo kaka. Wewe ndiye uliyeliona gari. Mimi nakumbuka nilikanyaga breki mapema, lakini kila mtu anasema nilikimbiza, na sasa nimeanza kujitilia shaka. Kama kosa ni langu niambie tu, nitamwomba mama msamaha. Nitakubali utakalosema."

Mpaka sasa sijamjibu, na anaona kwamba nimeusoma ujumbe wake. Ndugu zangu, mnaonisoma, niambieni kwa haki bila kunionea huruma: nimwandikie nini huyu kijana?