Léocadie na Benchi la Kwaya

Mkiniuliza nani alianzisha kwaya yetu, nitawajibu upesi: Octave, katekista wa misheni, mwaka 1936, yeye na wanaume kumi na watano. Mkiniuliza nani aliizuia isife, basi kaeni vizuri, maana hapo ndipo damu yangu inapoanza kuchemka. Kila sikukuu ya kwaya mtu husimama akamsifu Octave mpaka koo linamkauka, halafu mwishoni anaongeza, "na mke wake pia." Na mke wake pia! Mimi Odile nilikuwapo. Niliimba sauti ya tatu, tena vibaya, kwa hiyo sina cha kujisifia hapa.

Léocadie alizaliwa karibu na Nyangwe, mtoto wa mtega samaki. Bamamère, yaani masista wa misheni, walimfundisha kusali, kushona na kunyamaza. Alipoolewa na Octave akaja kwetu, upande huu wa njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, nyumba yao ikawa jirani na yangu, ua kwa ua. Alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye hatua za haraka. Ukimwona anakuja na mikono nyuma, ujue kuna jambo ameshaliamua na wewe umo ndani yake.

Miaka sita ya kwanza kazi yake katika kwaya ilikuwa jikoni. Kila Alhamisi na Jumamosi jua likishuka, wanaume kumi na sita walijipanga uani kwake wakaimba nyimbo za Octave, sauti nne, bila ngoma, bila kinanda, koo tupu. Yeye aliwapikia bugali. Alipotwanga sombe, yale majani ya muhogo, Octave alikunja uso: "Léocadie, kinu!" Basi akawa anatwanga wimbo unapokwisha na kuacha unapoanza. Ilimbidi ajue kila wimbo unaanzia wapi na unaishia wapi, na kwa njia hiyo akazijua nyimbo zote, sauti zote nne. Hakumwambia mtu. Hata mimi niliyekuwa naazima chumvi kwake kila siku sikujua.

Mwaka 1942 vita vya Wazungu vikatufikia bila bunduki. Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali, alitaka mpira, alitaka pamba, alitaka dhahabu, na vyote alivitaka jana. Karani akaja na askari kutafuta wanaume wa machimbo ya upande wa Salamabila. Vijiji vingine walihangaika kuwasaka, maana watu walikimbilia porini. Kwetu hawakuhangaika hata kidogo. Octave, kwa kupenda kwake utaratibu, alikuwa amebandika kwenye mlango wa kanisa orodha ya wanakwaya wote: jina, kijiji, na nani ana kifua cha kubeba sauti ya nne. Karani alisimama pale akanakili orodha nzima, akapiga miayo, akaondoka. Kesho yake walichukuliwa wote kumi na sita, na André mume wangu akiwamo. Tangu siku ile sijabandika jina la mtu mlangoni.

Walipopangwa foleni mbele ya askari, Octave aligeuka akamtafuta mkewe kwa macho. Nilidhani atasema habari ya nyumba au ya watoto. Akasema, "Léocadie, benchi yetu, mutu mwingine asiikalie." Benchi la kwaya lilikuwa mbele kabisa, upande wa kulia, na Octave alilipenda kuliko kitanda chake.

Jumapili iliyofuata Mompère Gérard, mkuu wa misheni, alitangaza kanisani kwamba kwaya bila waimbaji si kwaya. Alikuwa amekwenda posta, kwenye ofisi za Bulamatari, kuwaombea wanaume wale akarudi mikono mitupu, uso mwekundu, na hasira zake akazimalizia kwetu. "Nitangoja mpaka Pasaka," alisema. "Pasaka ikipita bila sauti nne, nafuta kwaya hii katika kitabu cha misheni, na benchi lao nawapa wanafunzi."

Jioni yake nikamwona Léocadie anavuka ua, mikono nyuma. 

"Odile, sauti yako iko ya tatu."

"Ya tatu ya nini?"

"Ya kwaya."

"We! Wanamuke wanaimba kwaya wapi?"

"Hapa."

"Nani amekuambia?"

"Mimi ndiyo nakuambia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafungua kinywa, akaniimbia sauti ya tatu ya wimbo wa Pasaka aliotunga Octave, mwanzo mpaka mwisho, macho makavu. Halafu ya pili. Halafu ya kwanza. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba. Kwa wiki moja alizunguka nyumba za wake wa wanakwaya, akaongeza jirani hawa na wale, mpaka tukatimia kumi na sita. Kwa sauti ya nne alimpata Régina, mjane, aliyekuwa na sauti nzito kiasi kwamba akibisha hodi watu walificha pombe.

Tatizo lilikuwa muda. Asubuhi mpaka alasiri tulikuwa kwenye mashamba ya pamba ya lazima, maana sehemu za waume waliokwenda machimbo tuliongezewa sisi, na jioni kuna kuni, maji, watoto. Léocadie akaangalia shamba lile, mistari ya pamba imenyooka kama ilivyoagizwa na Bulamatari, akasema, "Mustari moja, sauti moja." Basi. Wanne mstari huu sauti ya kwanza, wanne mstari ule ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne, tukalima tukiimba, yeye akiruka kutoka mstari hadi mstari kama kuku mwenye vifaranga.

Kapita wa pamba, yaani msimamizi wetu, Kassimu, Mwislamu wa Kabambare, alikuja siku ya pili na fimbo yake. Tulinyamaza kwa hofu, kwa sababu Kassimu hakuwa mtu wa mchezo, na neno lake lilitosha kukupeleka kulala gerezani. Alitazama kazi iliyofanyika. Ilikuwa zaidi ya jana.

"Imbeni," akasema.

Baada ya mwezi alikuwa amezizoea nyimbo zetu kuliko sala zake. Siku moja alisimama nyuma yangu, akagonga fimbo chini. "Mimi sijui mambo ya kanisa yenu," akasema, "lakini mustari ya tatu inapotea. Iko wewe, mama Odile. Unapanda wakati wenzako wanashuka." Shamba zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, lakini alisema kweli, na Léocadie alinirudisha sehemu ile mara ishirini mpaka nikashuka.

Wiki tatu kabla ya Pasaka alimwendea Mompère Gérard akamwomba atusikilize. Alikataa, akakataa tena, mara ya tatu akakubali ili mwanamke yule aondoke mlangoni kwake. Tukaoga, tukavaa vitenge safi, tukaingia kanisani tukajipanga mbele. Léocadie akaanza. Na hapo, jamani, ndipo tulipojiaibisha. Miezi yote ile tulikuwa tumejifunza kila neno na jembe mkononi. Mwisho wa kila mstari wa wimbo jembe linaanguka, unainama, unavuta udongo, unainuka na pumzi mpya. Sasa jembe halikuwapo, lakini miili yetu ilikuwa haijaambiwa. Mwisho wa mstari wa kwanza wanawake kumi na sita tukainama kwa pamoja, mikono ikashuka, viuno vikapanda, mbele ya altare!

Mompère alidhani tunacheza ngoma. "Tokeni!" alipiga kelele. "Mambo ya kishenzi ndani ya nyumba ya Mungu!" Tulipojaribu kumweleza habari ya jembe alidhani tunamdhihaki. Tukatoka mbio, Régina akilia, mimi nikicheka kwa aibu, na wengine wakisema basi, imetosha, Mungu mwenyewe ameona tumejaribu.

Léocadie alitungoja nje tumalize.  "Octave na wenzake wanachimba mawe," alisema. "Sisi tumeshindwa kusimama wima? Kesho, mutoni, kila mutu na mutungi."

Tukaimba njia nzima kutoka mtoni, mitungi ya maji vichwani. Ukiinama, umekwisha. Siku ya kwanza Clémentine aliinama, mtungi wa mama mkwe wake ukapasuka, maneno aliyoyasikia nyumbani sitayarudia hapa. Siku ya pili nililoa mimi. Tulikwenda mara mbili kwa siku, maji tuliyoyachota yaliwatosha hata jirani wasiotupenda, na Léocadie alitembea kinyumenyume mbele yetu, mtungi wake kichwani haujashikwa, akitutazama viuno. Kufika Jumapili ya Matawi tulikuwa tunaimba wimbo wote wima kama milingoti.

Lakini Mompère alikuwa amekataa kutusikiliza tena. Benchi aliwaahidi wanafunzi, na siku ya Pasaka tuliwakuta wamelikalia, mashati meupe, nywele zimechanwa. Nikamwangalia Léocadie. Sijawahi kuona mtu amekaza uso vile. Akatupeleka upande wa kushoto, upande wetu wa siku zote wanawake, akatupanga kwenye mabenchi ya nyuma kwa sauti zetu, akakaa.

Ulipofika wakati wa wimbo, mwalimu akawapa wanafunzi mwanzo. Waliimba vizuri, sauti moja, nyembamba. Léocadie akasimama. Tukasimama wote. Alipokea wimbo mstari wa pili, na sisi nyuma yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya nne ya Régina ikitoka chini kabisa mpaka watu wa upande wa wanaume wakageuka kutafuta mwanamume gani amerudi kutoka Salamabila. Hakuna aliyeinama. Wanafunzi wakanyamaza, halafu wakajiunga nasi. Nililia nikiimba, lakini nilishuka pale pa kushuka.

Baada ya misa Mompère Gérard alikuja moja kwa moja kwa Léocadie, hata kanzu hajavua.

"Nilikataza," akasema.

"Mompère, ulisema Pasaka isipite bila sauti ine. Sauti ine zimeimba. Hukusema benchi, na hukusema wenye suruali."

Alimtazama sana. Ndevu zilicheza kidogo, sijui kwa hasira au kwa kicheko. Akasema kwaya haitafutwa, na Jumapili ijayo tukae mbele, lakini viuno vitulie.

Wanaume walirudi mwaka 1945. Walikwenda kumi na sita wakarudi kumi na mmoja. Wawili walifia machimboni, wawili hatukupata habari zao, na André wangu alibaki Salamabila na mwanamke wa huko, tusimzungumzie. Octave alirudi amekonda, anakohoa. Léocadie aliiongoza kwaya ile mpaka mwaka wa uhuru, miguu ilipomkataa, lakini mimi nikimkumbuka namkumbuka Jumamosi ya kwanza baada ya wanaume kurudi.

Walikuja uani kama zamani. Sisi tulikuwa tumeshakaa kwa sauti zetu. Octave akasimama mbele yetu, akatabasamu vizuri tu, hana ubaya, akasema, "Aksanti sana, bamama. Muliichunga kwaya. Sasa muturudishie."

Wanawake wakaanza kuinuka. Hata mimi niliinuka, aibu yangu. Léocadie peke yake hakusogea. Octave akageukia wenzake akaanzisha wimbo, ule ule wa Pasaka. Mstari wa kwanza ulimtoka. Wa pili kikohozi kikaukata. Akajaribu tena, ukakatika pale pale, vumbi la machimbo limekaa kifuani kama mpangaji. Wenzake nao walikuwa wamesahau, wanatazamana.  Ndipo Léocadie akaudaka wimbo pale ulipomwangukia mumewe, kwa sauti ile ile ya mumewe, akaufikisha mwisho peke yake.

Octave alimkodolea macho. "Hii unaijua tangu lini?"

"Tangu mwaka ya kwanza."

"Miaka yote ile! Na hukuniambia?"

"Wimbo hukuniuliza, Octave. Uliniuliza kama bugali imeiva."

Hakuna aliyecheka.  Nilimhurumia Octave, nasema kweli, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alionekana amechoka kuliko siku aliyochukuliwa.

"Ulinambia nichunge," Léocadie akaendelea. "Nimechunga. Lakini kuchunga hii miaka yote, imekuwa yangu pia. Hakuna mutu anainuka hapa. Nafasi iko mingi. Kaeni kwa sauti zenu. Wewe simama pale, nyuma ya Régina, ya ine."

Wale kumi wakamtazama Octave. Octave akatazama chini, akakuna shingo. Halafu akatembea, taratibu, akapita mbele yetu sote, akasimama nyuma ya Régina. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Léocadie akatoa mwanzo, tukaimba, wanaume na wanawake, kwa mara ya kwanza.

Mstari wa tatu Octave akakosea. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, ameutunga mwenyewe. Léocadie akainua mkono, watu ishirini na saba wakanyamaza.

"Octave," akasema, "rudia."

Octave akakohoa, akavuta pumzi, akarudia.