Niliacha chuo kikubwa cha mjini nikaenda chuo kidogo Hombolo, baba nikamwambia nimekataliwa

Wakuu habari za mchana. Mlio kazini poleni na majukumu, mlio darasani mnasoma simu chini ya meza, nawaona.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo mara ya kwanza. Haya yamenipata mwenyewe na chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, maana mzee wangu ana rafiki yake humu ndani anayependa sana nyuzi za watu.

Mimi ni mtoto wa Kibaigwa. Asili yetu ni Kondoa, ila mzee alihamia Kibaigwa kitambo kufuata soko la mahindi, na mpaka leo ni dalali pale. Ni mtu wa sauti kubwa, na kwake kitu kizuri ni kile kikubwa. Lori kubwa, ghala kubwa, ng'ombe mkubwa. Nilipomaliza form six alishanichagulia chuo hata matokeo hayajatoka, kile kikubwa cha mjini Dodoma, kozi ya biashara.

Wakati nasubiri matokeo nilikuwa kwa mjomba Kizota, ana karakana ya kutengeneza pampu za maji. Siku moja tukaitwa chuo fulani upande wa Hombolo, pampu yao ya kumwagilia imekufa.

Siyo kile cha serikali mnachokijua. Hiki ni kidogo mno, ukipiga chafya getini wa jikoni anakwambia "afya".

Mjomba akaifungua pampu, mimi nikazurura. Nikakuta darasa liko nje, kando ya shamba la zabibu. Wanafunzi kama kumi na tano wamemzunguka mwalimu, kashika jani lenye madoa. Binti mmoja akauliza swali. Mwalimu akaligeuza lile jani, akalitazama, akasema, "Sijui. Twendeni tukaangalie."

Wakaenda wote. Na mimi nikajikuta nawafuata, mikono ina grisi, hakuna aliyenifukuza.

Wakuu, mimi nimesoma shule ya watu themanini darasa moja. Sijawahi kumsikia mwalimu akisema sijui. Upepo ulikuwa unakuja kutoka bwawa la Hombolo pale jirani, mizabibu inageuza majani ule upande wake mweupe, watu wameinama wanatafuta kitu ambacho hata mwalimu hakijui. Nikahisi kama mtu anayeota na anajua anaota, na hataki kuamka.

Mjomba aliniita mara tatu ndipo nikasikia.

Nikaomba chuo kile kimyakimya, kozi ya kilimo cha bustani. Selection zilipotoka nikawa nimepata kote, mjini na kule. Kwenye simu ikaja code ya ku-confirm chuo cha mjini. Nilikaa nayo siku kadhaa, naifungua naisoma naifunga. Siku ya mwisho ikapita sijaiingiza.

Mzee aliponiuliza, nikamwambia wa mjini wameniacha, jina langu halipo.

Najua kuna watakaosema ningemwambia ukweli tu yakaisha. Nyie mzee wangu hamumjui. Angenipeleka mjini yeye mwenyewe kwa mkono, na ningekwenda, kwa sababu sijawahi kumshinda kwa maneno hata siku moja.

Alichosema ni, "Wamekuonea." Akanipa baraka zake niende huko kwingine ili nisikae bure. Nikaondoka na zile baraka nikijua nimezipata kwa uongo.

Sasa maisha ya chuo.

Sijui niwaelezeje. Asubuhi kule hakuna kelele isipokuwa ndege na mtu mmoja anayefagia. Ukitembea dakika chache unaona maji ya bwawa yametulia, na kwa mbali ng'ombe wa watu wanashuka kunywa. Mimi nimekulia kwenye honi za malori na kwa wiki ya kwanza ule ukimya ulikuwa unaniamsha alfajiri. Baadaye nikawa naamka makusudi ili niusikie.

Kila mwanafunzi anapewa mstari wake wa mizabibu mpaka amalize chuo. Wangu ulikuwa wa pembeni, karibu na uzio. Nilikuwa naenda hata siku isiyo na kipindi, nakaa tu pale chini. Muda unapita huko kwa namna ambayo mjini haipo.

Kwenye kupogoa mara ya kwanza ndipo nilipopata jina. Nilikata tawi kama nilivyoelekezwa, kesho yake nikakuta pale nilipokata panadondoka maji. Tone, tone, tone. Wakuu, nilijua nimeua mti wa chuo. Nikachana leso yangu nikaufunga bandeji, na wa pili, na wa tatu, mpaka leso ikaisha nikaingia kwenye fulana.

Mwalimu Ndahani, yule yule wa "sijui", akapita akakuta mstari mzima una majeraha. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mzabibu ukipogolewa hulia, ni kawaida yake, unaachwa ulie unanyamaza wenyewe.

Tangu siku hiyo naitwa Nesi. Mkuu wa chuo ananiita Nesi. Nimelipenda hilo jina, sijui kwa nini, labda kwa sababu walinipa baada ya kuniangalia.

Basi, kila nikipiga simu nyumbani mzee ni yale yale. "Nimemwambia fulani walivyokuonea. Nimegombana na fulani, eti anasema labda hukufaulu vizuri." Soko zima lilikuwa linajua mwanawe alidhulumiwa nafasi. Mimi huku niko peponi, na kila simu inanitoa humo naambiwa pole.

Mwezi Machi, soko likiwa limelala, mahindi mapya hayajaingia, mzee akaja bila kuniambia.

Alifika getini akanitaja jina langu kamili, la ukoo na yote. Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo, akamsalimia kwanza "mbukwa", akafikiri, akasema hapa hatuna mtu huyo. Mzee akaeleza nilivyo, mrefu, mwembamba, mtoto wa Kibaigwa.

"Aaa! Nesi! Sema Nesi bwana, mzee wangu!"

Mzee akaja kunikuta amekunja uso. "Shikamoo baba." "Marahaba. Unasoma unesi?"

Nikataka kumpeleka kwenye chumba kipya cha kompyuta. Akakataa. Sasa hapa niwaeleze kitu cha madalali wa mahindi. Gunia halikaguliwi mdomoni, kwa sababu mdomoni ndipo mwenye mali anapopanga mahindi mazuri. Wana kile chuma chenye ncha, bambo, wanalichoma gunia kule chini na kutoa punje za chini. Mzee akaniambia, "Usinioneshe mdomo wa gunia."

Akaanza jikoni. Akafunua sufuria. Akaenda vyooni. Halafu akamuuliza Mwalimu Ndahani mbele yangu, "Mwanafunzi wako wa mwisho kabisa ni nani?"

Elisha, rafiki yangu wa Mpwapwa, akanyoosha mkono mwenyewe huku anacheka. "Ni mimi, baba. Shikamoo."

Elisha mitihani ya kuandika kwa Kiingereza inamtesa kweli. Mzee akamwambia, "Nipeleke kwenye mstari wako, unieleze unachojua." Nikabaki kwa mbali nimeshika uzio.

Walikaa kule muda mrefu. Nilimwona Elisha akionyesha tawi, macho mawili ya kuchipua yanaachwa hapa, hili linakatwa, kwa nini, usipolikata inakuwaje. Zabibu zilikuwa zimeiva, mzee akapewa kichala akawa anakula huku anasikiliza. Baba yangu, wakuu, amenyamaza. Sikumbuki kumwona kimya hivyo saa za mchana.

Akarudi akipangusa mikono. Akasema, "Kama wa chini kabisa yuko hivi, hii mali ni nzuri."

Ningeishia pale, si ndiyo? Nimeshinda. Lakini akaendelea. Akaniambia amempata mtu wa kumsaidia kuandika barua, na kesho anapita mjini kuipeleka chuo kikubwa, wamweleze kwa nini walimkataa mtoto wake. Hataki nihamie huko tena. Anataka tu wakiri walikosea.

Nikamwona yuko mapokezi na barua yake, na binti wa ofisini anafungua kompyuta na kumwonesha jina langu. Mbele ya watu. Nikasema, "Baba, hawakunikataa. Jina lilitoka. Mimi ndiye sikuthibitisha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Alisema, "Miezi mitano nimegombana na watu." Akachukua mkoba wake, nikataka kumbebea, akauhamishia mkono wa pili. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Akapanda gari, hakugeuka.

Baada ya hapo sikuweza kukaa kwenye mstari wangu. Kila kitu kilikuwa kilekile, maji, upepo, ndege, na mimi sikuwa na raha na chochote. Nilimpigia, hapokei.

Juzi mama akanipigia. Nikamuuliza, baba anasemaje? Akaanza kucheka. Akasema, "Rama mwanangu, hujui alivyo baba yako? Yuko sokoni anawaambia watu kwamba wale wa mjini walikutaka sana, walikubembeleza kabisa, wewe ndiye uliyewakataa. Tena anapaza sauti zaidi ya mwanzo."

Nilikaa chini palepale nikalia. Sina la kuficha.

Kwangu mimi bado hajapiga. Kesho ni Ijumaa, hakuna vipindi, naenda Kibaigwa kumwomba msamaha ana kwa ana. Nimembebea zabibu za mstari wangu, na sitampangia nzuri juu.

Nilichojifunza ni kwamba chuo nilichagua sawa na ningekichagua tena hata leo. Nilichokosea ni kumwachia mzee abebe uongo wangu akidhani ni heshima yangu.

Wakuu mliosoma vyuo vidogo, nani alikuwa anawajua kwa jina huko, na jina gani? Na mliowahi kumdanganya mzazi kwa kitu mlichokipenda, mlianzaje kuongea mlipofika mlangoni? Nisaidieni, safari ni asubuhi.